Mwaka Tuliouliza Maneno Ukoo Wao

Habari za kifo cha Bi Mwanaidi zilinikuta Mbwera, nikianika mpunga uani. Sikulia pale pale. Nilianua mpunga kwanza, maana marehemu angejua nimeuacha kuku wakidonoa angenisema mpaka kiama, kisha nikatafuta boti ya kwenda Nyamisati, nipate gari la Kibiti msibani. Maji yalikuwa yamekupwa. Huku na huku mikoko ilisimama na mizizi yake yote nje, na nilipoitazama nikamkumbuka mtu mwingine kabisa, Mwalimu Mapunda, Mngoni, aliyeniambia nikiwa kidato cha pili kwamba maneno nayo yana mizizi, na kwamba ukivumilia maji yapwe utaiona. Sikujua kama yu hai. Nikasema moyoni, kama yu hai leo atakuja Kibiti, hata kwa kutambaa, kwa sababu mtani hakosi msiba wa mtani wake. Nililia basi, ndani ya boti, mbele ya watu na magunia yao, wala sikuona haya.

Mwaka ule nilikaa kwa Bi Mwanaidi kwa kuwa shule yetu pale Kibiti haikuwa na bweni la wasichana. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, karibu na barabara kuu ya kwenda kusini, na magari makubwa yakipita usiku vikombe vililia kabatini. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja ndefu ya mninga na mabenchi mawili. Hapo walikula walimu ambao wake zao walikuwa mbali, na madereva, na mtu yeyote aliyekuwa na njaa. Nyuma kulikuwa na jiko la kuni, na karibu na mlango wa jiko ilikaa mbuzi yake ya kukunia nazi, kibao chake kimeng'aa kwa miaka ya kukaliwa. Mimi nililala chumba cha pili kutoka jikoni, kwa hiyo nguo zangu zote zilinukia moshi na tui, na shuleni wenzangu waliniita Wali wa Nazi. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa Mmatumbi, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa na sheria moja na hakuivunja kwa mkubwa wala mdogo: hali mtu kwake bila kusema yeye wa kwa nani. Dereva mgeni akikaa tu mezani, yeye anatokea na mwiko mkononi. "Wewe wa kwa nani?" Dereva ataje baba, ataje babu, ataje na kijiji, Bi Mwanaidi atafute mpaka apate shangazi wa mtu fulani anayemfahamu, ndipo sahani inakuja. Nilikuwa nadhani ni umbea. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hakuweza kumlisha mtu asiyekuwa na kwao.

Mwalimu Mapunda alikuwa mteja wake wa kila siku na mtani wake. Wasiojua utani nitawaeleza kwa ufupi. Babu zake Mwalimu walikuja zamani na mikuki kuwasumbua babu zake Bi Mwanaidi, wakapigana, wakachoka, na walipochoka wakawekeana utani. Tangu hapo Mngoni na Mmatumbi wanatukanana bila kukasirika, wananyang'anyana chakula bila kushitakiana, na mmoja akifiwa mwingine anakuja kufanya vituko matangani ili watu wapumue. Kwa hiyo Mwalimu akiingia jioni, mrefu, mwembamba, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, salamu yake ilikuwa, "We mwanamke, nimekuja kuchukua mali ya babu yangu." Naye kutoka jikoni, "Mwizi wa kuku huyo! Siwema, hesabu vijiko!" Wakishamaliza kutukanana anakaa anakula kwa adabu kama mtoto wa chuo cha Korani. Watu walisema alisomea upadri miaka mingi huko kusini, akaacha, na kwamba kichwani alikuwa na lugha ya Kilatini nzima isiyokuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mimi mwaka ule nilikuwa nazama, hilo ndilo lililokuwa jambo langu. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, na sekondari, siku ya kwanza tu, kila kitu kikageuka Kiingereza: moyo wa chura, vita vya watu, hata hesabu. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa kidato cha pili, na aliyeanguka alirudi kwao. Maneno yalinijia mengi na marefu, hayafanani na kitu chochote, na kila nililolishika lilinitoka kama kambare mkononi. Jioni moja nilikuwa jikoni nakuna nazi huku nakariri kwa sauti, transport, transport, transport, na machozi yananidondokea kwenye chicha. Bi Mwanaidi akanitazama, akachukua mwiko wake, akaenda chumba cha mbele. Nikamsikia. "Mngoni, hayo maneno unayomlisha huyu mtoto hayana kwao?" "Yana kwao, mama." "Basi mbona yanaingia nyumbani kwangu bila kusema? Huyo transpoti wa kwa nani?"

Nilisogea mlangoni na kifuu mkononi. Mwalimu Mapunda alikuwa ameacha kula, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa habari za mama yake baada ya miaka. Akasema pole pole kwamba huyo ni mjukuu wa mzee mmoja wa Roma aitwaye portare, na kazi ya mzee huyo ni kubeba. Trans ni ng'ambo. Kwa hiyo transport ni kubeba mpaka ng'ambo. "Ana ndugu?" akauliza Bi Mwanaidi. Ana ndugu wengi, akasema Mwalimu, akaanza kuwaita mmoja mmoja. Import, kubeba kuingiza ndani. Export, kubeba kutoa nje. Report, hii ripoti mnayoisikia ofisini, ni kubeba habari na kuirudisha. Na support, ambayo darasani tumeambiwa ni msaada basi, huyo ni kubeba kutokea chini. Niliduwaa. Kichwani niliwaona akina mama wa kwetu Mbwera wakitoka shambani na mizigo ya mpunga kichwani, ule mviringo wa kanga tunaouita kata uko chini ya mzigo, hauonekani, na ndio unaobeba. Msaada ni mtu kuwa chini yako! Nani alilijua hilo, miaka yote hiyo, akalificha kwenye neno la mtihani? Nywele zilinisimama, wallahi, na hata leo nikilisikia neno hilo kwenye redio huwa nanyamaza kidogo.

Kuanzia jioni ile ikawa desturi. Mwalimu hapewi sahani mpaka alete neno na ukoo wake. Alituambia kwamba daktari mwanzo wake si tabibu bali mwalimu, maana asili yake ni kufundisha, na Bi Mwanaidi akasema ndiyo maana wanapenda kugomba. Alituambia ambulansi ni kutembea tu, kutembea kwa miguu, kwa sababu zamani ilikuwa hospitali ya jeshi inayohamahama nyuma ya askari. Aliigonga meza ya mninga akasema hata hii Warumi waliiita mensa, Wareno wakairithi wakaja nayo pwani yetu. "Kumbe nimemkalisha Mrumi sebuleni kwangu siku zote hizi!" Bi Mwanaidi akapiga kofi pajani. "Na hajawahi hata kutoa salamu!" Siku moja akaleta miezi. Septemba ni saba kwa Kilatini, akasema, Oktoba ni nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Mimi nikaona hapo amekosea, nikathubutu kusema, mwalimu, mbona Desemba ni mwezi wa kumi na mbili? Kabla hajajibu Bi Mwanaidi alishaingilia. "We Siwema, Maulidi tunasoma mwezi gani?" Nikasema Mfungo Sita. "Na kwa sheikh ni mwezi wa ngapi?" Wa tatu. "Basi. Sisi tunahesabu kuanzia Ramadhani ilipoisha, sheikh anahesabu kwa kalenda yake. Na hao Warumi walikuwa na pa kuanzia pao." Mwalimu akacheka mpaka akapaliwa. Ni kweli, akasema, walianzia Machi. Mwaka ulipokuja kuhamishwa mwanzo wake, majina yakabaki pale pale. Nilikwenda kulala nikiwa na hisia ya ajabu ambayo sijui niieleze vipi. Watu waliokufa zamani hata makaburi yao hayajulikani, na bado wanahesabu miezi kwa midomo yetu sisi watu wa Kibiti.

Sasa nisije nikawafanya mdhani Mwalimu Mapunda alikuwa malaika. Shuleni kulikuwa na kipande cha ubao kimetobolewa na kutiwa kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa shingoni, na hakivuliwi mpaka amkamate mwenzake anayesema Kiswahili amvishe yeye. Siku moja tulikuwa tunalima bustani ya shule, msichana mmoja akajikata mguu kwa jembe, damu ikaruka, nikasema, "Pole jamani!" Hata leo sijui ningesema nini kingine, maana Kiingereza hakina pole. Mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa Mwalimu Mapunda. Alinitazama, akatazama walimu wenzake waliosimama pale, akanivisha. Hakunitazama tena.

Kumvisha mwenzangu sikuweza. Kila mara nilipomsikia mtu ananong'ona Kiswahili niligeuza uso, kwa hiyo ubao ukabaki wangu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, naficha chini ya mtandio barabarani na hata nyumbani. Darasani nilifunga mdomo kabisa, Kiingereza wala Kiswahili. Siku ya nne nilifika nyumbani nikaingia chumbani, nikatandika kanga, nikaanza kufunga nguo zangu. Nilikuwa nimeamua. Kesho yake kulikuwa na gari la Nyamisati, na mtihani wafanye wenye Kiingereza chao. Bi Mwanaidi akaja kuniita nikoroge mboga, akauona ubao. Akaushika, akaugeuza, akasoma kwa shida maandishi ya Kiingereza asiyoyaelewa. "Nani amekufunga kama mbuzi wa hitima?" Nikamwambia. Nilitegemea apige kelele mpaka barabarani, hakupiga. Alisema tu, "Usiondoke kwanza. Ngoja mtani wangu aje."

Mwalimu alikuja kama kawaida, akasimama mlangoni akatoa salamu yake ya mali ya babu. Bi Mwanaidi akatoka jikoni, amejifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Karibu, mwalimu. Habari za kazi? Karibu uketi." Masikini! Niliona rangi ikimtoka yule baba. Akajaribu tena. "We mwanamke, kuku wako wako wapi leo?" "Kuku wapo, mwalimu, nashukuru kwa kuuliza. Chakula kitakuja sasa hivi." Akamwekea sahani, akamwekea na maji ya kunawa, hakumuuliza neno wala ukoo wa neno. Madereva waliokuwa wakila wakaacha kutafuna. Maana mtani akikutukana uko salama. Mtani akikuheshimu, amekufuta. Mwalimu alikaa mbele ya ile sahani hakuigusa. Akainuka, akaondoka, na mimi chumbani nikakaza fundo la kanga yangu. Niliona mambo yamekwisha, yangu na yake.

Asubuhi, uji ukiwa tayari motoni, tulipofungua mlango wa jiko unaotokea uani tulimkuta. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi, katikati kabisa ya mlango, magoti yake marefu yamefika karibu na masikio, na Bi Mwanaidi hakuwa na pa kupita. "Naomba njia, mwalimu," akasema Bi Mwanaidi. "Sitoki," akasema. "Umenikaribisha jana kwa adabu. Heri ungenipiga mchi. Sitoki mpaka unitukane." Bi Mwanaidi akatazama juu. Ndipo Mwalimu akasema, "Basi nimeleta neno. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyonayo, nilikuwa naliweka." Akasema Warumi walikuwa na neno hospes, na hospes ni mgeni, na hospes huyo huyo ni mwenyeji anayempokea, wote wawili jina moja, hawakuona haja ya kuwatenga. Kwake ndiko zilikozaliwa hospitali, na hosteli, na hoteli. Na alikuwa na ndugu wa damu, hostis. Huyo hostis mwanzo alikuwa mgeni tu, mtu wa kuja. Watu wakaharibikiana, siku zikapita, akawa adui. Waingereza wakimtaja mtu mwenye uadui wanamwita hostile mpaka leo. "Mgeni, mwenyeji na adui, mama, wametoka nyumba moja. Babu zangu walifika kwenu wakiwa yule wa mwisho. Wewe na baba zako mkanifanya wa kwanza. Na huyu binti alikuwa mgeni wangu darasani, nikamfunga ubao kwa kuogopa macho ya wenzangu." "Niambie tu, mimi leo ni yupi kwako?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Mwanaidi na furushi langu kichwani, tayari kwa safari, na nilihisi kama mtu amefungua mlango nisioujua upo, nyuma yake kuna watu wengi mno, wafu na wazima, wanatutazama sisi watatu. Bi Mwanaidi akageuka, akanivua ubao shingoni. Akainama, akausukuma jikoni chini ya sufuria ya uji, ukashika moto vizuri, maana ulikuwa mkavu. Kisha akamwelekea Mwalimu. "Wewe ni mwizi wa kuku, Mngoni mkubwa usiye na haya, ondoa makalio yako kwenye mbuzi yangu watu wakune nazi!" Mwalimu akalia na kucheka kwa pamoja. Akageuka kwangu akasema, "Siwema, nimekukosea. Unisamehe." Mtu mzima, mwalimu wangu! Nilishusha furushi. Uji ule tulikunywa wote watatu, na ubao mwingine sikuuona pale shuleni mpaka nilipoondoka. Alikwenda kusema nini kwa wenzake hakutueleza.

Mtihani nilifaulu, si kwa makeke, lakini nilifaulu. Mbele ya safari nikasomea unesi, na kule maneno marefu yaliyowatoa wenzangu jasho mimi nilikuwa nayasimamisha mlangoni kimoyomoyo, wewe wa kwa nani, nayo yanajitaja. Nimefanya kazi zahanati za visiwa vyetu vya mikoko mpaka nimestaafu. Nimepokea wazazi waliofika kwa mtumbwi alfajiri, wameloa, wanaogopa, na kila mara nilikumbuka kwamba hospitali maana yake kwanza si dawa, ni mgeni na mwenyeji. Kuna siku dawa hazikuwepo. Ukarimu ulikuwepo, nikautumia huo.

Sasa msiba. Nilipofika Kibiti nyumba imejaa, wanawake ndani, wanaume nje kwenye mikeka, turubai limefungwa mpaka barabarani. Wajukuu wa Bi Mwanaidi wengi wanaishi Dar, vijana wazuri wenye simu kubwa, wanaulizana mambo ya maiki na maji ya chupa. Marehemu alishaoshwa na kukafiniwa, dua imesomwa, jeneza limeinuliwa litoke kwa mlango wa uani. Halikutoka. Mlangoni alikuwa ameketi mzee mrefu, mwembamba, nywele nyeupe tupu, fimbo kaiweka kando, amekalia ile mbuzi ya nazi. "Hatoki mtu hapa," akasema Mwalimu Mapunda. "Nina njaa. Sijapewa chakula." Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, vipi tena? Tupishe bwana, huu msiba." Mwingine akamwinamia kwa adabu, "Babu, tunakuomba, tafadhali sana, utakula baadaye." Nikaona rangi ikimtoka Mwalimu usoni, kama ile jioni ya zamani. Wanamheshimu! Mimi na wanawake tuliokuwa ndani tulikuwa tunaona, na hapakuwa na Mmatumbi hata mmoja wa rika lile aliyebaki kumjibu. Bi Mwanaidi angeondoka duniani kwa maneno ya karibu na tafadhali, mtani wake ameachwa mlangoni. Mzee akatazama jeneza, akasema taratibu, "Mnapita na nani? Huyo wa kwa nani?"

Mimi si Mmatumbi. Na mwanamke kupiga kelele wakati jeneza linatoka si jambo la kusifiwa, najua. Lakini nilijikuta nimeshapenya katikati ya wanawake, mtandio umeanguka mabegani. "Mwizi wa kuku wewe!" nikasema. "Mngoni usiye na haya, umezeeka hujakoma? Ondoka kwenye mbuzi ya watu! Huyo leo ni mgeni, na huko aendako ataulizwa hilo hilo, wa kwa nani, na jibu analo kuliko wewe!" Mzee akainua macho, akanitafuta, akanijua. Akacheka, machozi yanateremka kwenye mikunjo ya uso. "Siwema," akasema, "hesabu vijiko." Akashika fimbo yake, akainuka kwa taabu, akapisha mlangoni, na jeneza lilipofika usawa wake akaliwekea bega, Mngoni yule, chini ya mzigo pamoja na wajukuu wa marehemu, wakatoka naye.

Sisi tukabaki na sufuria. Niliichukua mbuzi, nikaipangusa, nikakaa nikaanza kukuna nazi za wali wa waliokwenda kuzika. Mke wa mjukuu mmoja, binti wa mjini, Nasra, akachuchumaa karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, yule mzee ni ndugu yetu?"

"Ni adui yetu," nikamwambia. "Akirudi, mwekee nyama nyingi."